Mkanda wa Tisa

Ngazi ilichorwa kwa wino mweusi, vidato saba, na juu ya kidato cha saba hapakuwa na kitu. Si sakafu, si mlango, si mtu. Wanaume wazima wanne tuliuinamia mchoro ule kwenye meza ya chumba cha nyuma cha duka la miwani, tukiugeuza huku na huku, na mmoja wetu alikuwa ameshaupima kwa rula.

"Vidato saba," alisema Profesa. "Wale hawaweki saba bure. Filamu yenyewe inatoka mwezi wa saba."

"Au ni filamu ya saba ya yule mzee wa theluji," alisema Karani. "Yule anayeonyesha dirisha dakika kumi bila mtu kupita."

Mimi nilikuwa nikitabasamu kama mtu aliyeficha peremende shavuni. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo wiki mbili nzima, na nilikuwa nikiwaacha wahangaike makusudi.

Nieleze tulikuwa kina nani, na sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi mwenyewe nikiwemo. Tulikuwa wakusanyaji wa DVD. Si hizi za mapigano na mapenzi zinazouzwa kando ya barabara. Hizo tulizitemea mate. Zetu zilikuwa filamu za watu wanaonyamaza, kutoka nchi ambazo nusu yake tusingeweza kuzionyesha kwenye ramani. Kulikuwa na kampuni moja ng'ambo iliyozisafisha filamu kuukuu za namna hiyo na kuzitoa upya, nne kila mwezi. Kila mwaka mpya iliwatumia wateja wake mchoro wa mafumbo: mwavuli, kiti cha miguu mitatu, samaki mwenye kofia. Kila fumbo lilikuwa filamu itakayotoka mwaka huo. Kuanzia hapo hatukuwa na kazi nyingine. Tulikuwa na wake, tulikuwa na watoto wa kulipiwa shule, Karani alikuwa na mama mgonjwa kitandani, na kila Jumamosi saa nane mchana tulikutana kujadili mwavuli.

Profesa hakuwahi kumfundisha mtu kitu. Alikuwa wakala wa forodha, na jina lile alijipa mwenyewe. Sisi tulilikubali kwa kuwa kulikataa kungetuchosha. Karani alikuwa karani kweli, wa mahakama, na aliziandika DVD zake zote kwenye daftari la mahakama kwa wino wa mahakama. Mwenye duka tulimwita Miwani. Yeye alikuwa mtu mwema, ila wema wake haukuwahi kumfanya afungue mdomo. Na mimi niliitwa Meno, kwa sababu natengeneza meno ya bandia. Karakana yangu ilikuwa mlango wa tatu kutoka pale.

Nilikuwa na diski mia sita na kumi na nne. Nilizozifungua hazikufika mia. Ndivyo tulivyokuwa sote: diski ikifunguliwa inashuka thamani, kwa hiyo tuliziacha ndani ya nailoni zilizokuja nazo, na juu ya nailoni hiyo tukavika nailoni nyingine nzito, tuliyoiagiza maalumu. Mke wangu aliwahi kusimama mbele ya kabati akaniuliza, "Sasa hizi unaziangalia lini?" Nikamjibu kwamba si vitu vya kuangaliwa hivihivi. Alinitazama kidogo, kisha akarudi jikoni. Nilimdharau kwa swali lile miaka mingi, na ninaona haya kusema ni mingapi.

Ngazi ile isiyo na juu ilikuwa *Ngazi ya Nyuma*. Filamu hiyo ilitengenezwa mjini kwetu, miaka arobaini kabla ya Jumamosi ile, na mwanamke ambaye hakutengeneza nyingine kabla ya kufa. Ilionyeshwa wiki sita katika sinema ambayo sasa ni duka la vigae. Kitabu kimoja tu kiliitaja, na kilisema ina dakika themanini na nne. Kisa chake si kirefu: mtumishi anabaki peke yake kwenye nyumba ya watu waliohama bila kumwambia. Anafagia, anapika, anatandika vitanda visivyolaliwa. Mwishoni amesimama chini ya ngazi ya nyuma, anasikia miguu ya mtu huko juu, anainua uso, na picha inakatika. Giza.

Mkato ule ndio uliotulisha. Profesa aliuhubiri miaka kumi na tano. Kwake ulikuwa upweke, ulikuwa historia, ulikuwa Mungu asiyejibu, ilitegemea wiki. Mtu akiuliza miguu ile ni ya nani, Profesa alifumba macho na kusema, "Asiyejua maana haambiwi maana." Nami, niliyeiona filamu mara moja tu nikiwa na miaka kumi na tisa, niliandika kurasa nne kuhusu mkato huo na kuziweka mtandaoni, kwenye baraza la wakusanyaji wa dunia nzima. Humo niliandika kwamba msanii mdogo angetuonyesha nani anashuka.

Kurasa hizo ndizo zilizoniletea barua. Kampuni ilikuwa imeipata nakala pekee iliyobaki, mikanda minane ndani ya makopo manane, na ilitaka kuitoa. Iliomba kurasa zangu ziingie kwenye kijitabu kitakachofungwa pamoja na diski, na jina langu chini yake. Nilikubali kabla sijamaliza kuisoma barua.

Basi Jumamosi ile, walipokwisha kupima ngazi kwa rula, niliitoa barua mfukoni nikaiweka juu ya mchoro. Profesa aliisoma mara mbili. "Hongera," akasema, kwa sauti anayotumia mtu kutoa pole. "Wewe, Meno. *Ngazi ya Nyuma*. Haya."

Ndipo pazia la mlangoni likasogea.

"Hodi jamani. Samahanini, wanangu. Nimesikia mmeitaja *Ngazi ya Nyuma*."

Alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha pita, mshonaji wa mapazia mwisho wa mtaa wetu. Pazia lile alilolishika lilikuwa kazi ya mikono yake. Alikuwa amekuja kwa Miwani kupimwa. Alikuwa na presha ya macho, na Miwani alikuwa ametoka kumwambia, kwa upole wake wa kukwepa, kwamba mwaka hautaisha akiwa bado anaona.

"Ndiyo, mama," alisema Miwani. "Inatolewa upya."

"Yote?"

Hakuna aliyeelewa swali. Akasema, "Nisubirini," akaondoka, na baada ya robo saa akarudi na kopo la bati, la duara, pana kama sinia, amelikumbatia kifuani.

Alituambia kisa chake akiwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa mashine katika sinema ile. Filamu ilikuja na mikanda tisa. Meneja aliona ni ndefu, inachelewesha onyesho la pili na watu wanakosa basi. Akamwamuru fundi auache mkanda wa tisa. Wiki sita zote haukuonyeshwa. Sinema ilipofungwa, makopo manane yakachukuliwa, na la tisa likabaki chini ya kitanda chao.

"Na yeye mwenyewe yumo humu," alisema mama. "Siku ya kupiga picha hiyo mwigizaji hakutokea, yule bibi aliyeitengeneza akamwomba mume wangu, aliyekuwa akiwasaidia, ashuke ngazi badala yake. Miguu mnayoisikia ni yake. Halafu kila siku anaagizwa ajiache nje. Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, leo tena nimejikata."

Profesa aliweka miwani yake sawa. "Mama, filamu hiyo ina dakika themanini na nne."

"Mimi sikuhesabu dakika, mwanangu. Najua inavyokwisha."

"Kitabu kinasema themanini na nne."

"Kitabu kilikuwepo?"

Karani alicheka, kisha akamwona Profesa hacheki, akaacha. Mama akalitua kopo juu ya meza, juu ya mchoro na barua yangu, akakifungua kifuniko. Harufu ikajaa chumba.

"Nani kamwaga siki?" alisema Karani. Safari hii walicheka wote.

Mimi nilijua. Wengine nawasamehe, maana walikuwa debe tupu, wakivuma bila kitu ndani. Lakini mimi nilikuwa nimesoma vitabu vitatu vizima juu ya jambo hilo. Filamu inapoanza kufa hunuka siki. Ukiisikia harufu hiyo unajua mambo mawili: kwamba filamu ni ya kweli, na kwamba haina muda. Inataka baridi na hewa, na inataka mtu anayejua, upesi. Kampuni ile ingepanda ndege kwa ajili ya kopo lile.

"Sitaki kitu kingine," alisema mama. "Naomba mashine ya kuonyeshea tu, kama mnayo. Picha zake ninazo, lakini hazitembei. Alikuwa na mwendo wake, yule. Nataka nimwone anatembea, haya macho hayajafunga."

Hakuna kati yetu aliyekuwa na mashine. Wapenzi wakubwa wa filamu, na hatukuwa na mashine hata moja. Profesa alianza kumweleza maana ya mkato, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Wakati anaeleza, nilinyoosha mkono nikavuta ncha ya mkanda. Ulikuwa laini bado, umejikunja kidogo tu pembeni. Ulivutika vizuri. Kioo cha kukuzia cha Miwani kilikuwa pale mezani, sentimita chache kutoka kwenye kidole changu, na dirisha lilikuwa nyuma yangu na jua lote la saa tisa.

Sikuuinua mkanda kwenye mwanga.

Nimetafuta maneno mazuri ya jambo hilo na hayapo. Niliogopa. Kama ningeona miguu ya mwanamume kwenye vile vipicha vidogo, kurasa zangu nne zingekuwa za kufungia maandazi. Jina langu lisingechapwa. Kiini cha fumbo letu kingekuwa meneja mmoja aliyeogopa watu kukosa basi. Nikauachia mkanda ukarudi ndani ya kopo.

"Lifunge hilo, mama, litatuua," alisema Profesa. "Meno, hebu mfungie."

Nikamfungia. Nilichukua nailoni zetu zile nzito, zile za maalumu, nikalivika kopo mara mbili, nikazungusha selotepu pande zote, nikiibana kwa ukucha hadi isibaki hata njia ya hewa. Ni mikono iliyozoea kazi ndogondogo. Nilifunga vizuri sana. "Liweke juu, mama, mahali pakavu," nikamwambia. "Na usilifungue." Kama nilisahau yale ya vitabuni au niliamua kuyasahau, nimejiuliza mara nyingi, na jibu hubadilika.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Wewe una mikono ya fundi."

Alipotoka, Profesa alisema kila mjane mjini ana kopo lake. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Diski ilitoka mwezi wa kumi na moja. Mtandaoni wakusanyaji walikuwa wamebishana miezi kumi kuhusu rangi ya jalada, na ilipotoka walibishana kama buluu ile ni buluu ya kweli. Nyuma ya jalada paliandikwa kwamba filamu inakwisha kwa mkato maarufu, kama alivyoukusudia msanii. Maneno hayo waliyatoa kwangu. Nilikuwa nimeagiza mbili: moja ya kuhifadhi, na nyingine ya kuhifadhi pia.

Wiki ileile Miwani alikuja karakana kuchukua meno ya mama mkwe wake. Aliyageuza mkononi, akayasifu, kisha akasema, kama anayezungumzia mvua, "Yule mama wa mapazia, kwisha. Jicho la kushoto tangu mwezi wa sita. La kulia Jumatatu."

Nilikuwa nachonga gego. Nililimaliza, nikaona nimelichonga la upande usio wake, nikalitupa.

Nilikwenda Jumanne, baada ya chakula cha mchana, na diski moja ndani ya mfuko. Chumba chake kilikuwa na mabunda ya vitambaa hadi karibu na paa, na cherehani imefunikwa shuka. Aliitambua sauti yangu kabla sijajitaja. Akanionyesha kwa kidevu juu ya kabati, chini kabisa ya bati la paa.

"Lipo palepale uliponiambia. Sijaligusa."

Nilikata selotepu yangu mwenyewe kwa wembe. Ilikuwa imeshika barabara. Kifuniko kilipofunguka macho yaliniwasha, na machozi yakanitoka kwa siki, niseme ni siki. Mkanda ulikuwa umegandamana ukawa kitu kimoja, kigumu, chenye mawimbi, na unga mweupe juu yake. Nilijaribu ncha ileile niliyoivuta mwezi wa kwanza. Ilikatika kama ganda kavu la kitunguu. Kazi yangu imenifundisha kujua kinachotengenezeka na kisichotengenezeka.

"Limeharibika?" aliuliza.

"Limeharibika, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nililifunga."

Vidole vyake vilitafuta ukingo wa shuka la cherehani, vikaukunja, vikaukunjua. Ningependa angenitukana. Nilipowaeleza wale wa Jumamosi baadaye, Profesa alisema ni afadhali, mwisho wa namna ile ungeiharibu filamu. Karani akaandika kitu kwenye daftari. Sikurudi tena kwenye chumba kile cha nyuma ya duka, na sidhani kama waliona pengo.

"Hicho ulichokuja nacho ni nini?" aliuliza mwishowe. "Nasikia mfuko."

"Ndiyo hiyo filamu, mama. Ile waliyoitoa."

"Basi iweke. Masikio ninayo."

Kulikuwa na televisheni na deki ya mwanawe. Nilisimama katikati ya chumba na diski mkononi, na nakiri kwamba nilisita. Kisha nikaichana nailoni. Ilipiga kelele ndogo, na moyo wangu, moyo mpumbavu, ukaruka.

Aliisikiliza yote, dakika themanini na nne, mikono mapajani. Alicheka mahali ambapo sikujua pana kichekesho. Mtu alipokohoa nyuma ya mlango alisema, "Huyo si mwigizaji, huyo ni fundi umeme, alikuwa na kifua." Mimi nilitazama picha, yeye alisikiliza nyumba. Sufuria ziliwekwa. Vitanda vilitandikwa. Mtumishi akaja akasimama chini ya ngazi, na huko juu, kwenye mbao, mguu mmoja ukakanyaga. Kisha wa pili. Kisha wa tatu.

Mama aliinua mkono kunizuia nisiseme. "Ndiye huyo," alinong'ona.

Giza. Deki ikazunguka peke yake.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

Alikaa na mkono wake hewani kidogo, kisha akaushusha. Mimi nilikuwa nimeshika kile kijitabu, na karatasi mpya zikalia kati ya vidole vyangu.

"Na hayo makaratasi?"

"Kijitabu, mama. Kimekuja na diski."

"Kinamtaja mume wangu?"

"Hapana."

"Kinasema nini?"

"Kinasema..." Ningeweza kumwambia ni matangazo tu. Neno lilikuwa ulimini. "Kinasema mwisho huo ni mzuri kuliko mwisho mwingine wowote. Nimekiandika mimi."

"Wewe, Meno?"

"Mimi."

"Na uliuona mwisho wenyewe?"

"Sikuuona. Siku ile ulipokuja na kopo ningeweza kuutazama. Kioo kilikuwa mezani. Sikutaka."

Nje mtu alikuwa akiburuta kitu kizito barabarani, na tulikisikia hadi kilipopita kona. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari. Nilishaanza kuitoa diski kwenye deki. Badala yake alipapasa pembeni yake, akavuta kigoda kutoka chini ya cherehani, akakisukuma kuelekea iliko sauti yangu.

"Kaa," alisema. "Nikuambie inavyokwisha."

Nikakaa. Aliufagia ukingo wa meza ya cherehani kwa kiganja, akaondoa vipande vya uzi visivyokuwepo, akasimamisha vidole viwili juu ya mbao, vikaanza kutembea.